Kumezwa na Ndugu, Kuzuiwa na Mgeni: Kibelarusi, Kiwelshi na Lugha za Kwale

Mwaka 1588 vitabu viwili vizito vilitoka mitamboni Ulaya. Cha kwanza kilipigwa chapa Vilnius: mkusanyo wa sheria za Dola Kuu ya Lithuania, ulioandikwa kwa lugha ya maofisi ya dola hiyo, lugha ambayo Wabelarusi wa leo wanaihesabu kuwa babu wa lugha yao. Cha pili kilipigwa chapa London: Biblia nzima kwa Kiwelshi, kazi ya kasisi William Morgan. Kwa macho ya mtu wa wakati ule, mwenye bahati alikuwa yule wa Vilnius. Lugha yake ilikuwa ya mahakama, ya hati za mashamba na ya barua za wakubwa. Kiwelshi kilikuwa kimeshatolewa mahakamani na sheria ya 1536 iliyoiunganisha Wales na Uingereza, kikabaki cha nyumbani na kanisani.

Historia ikapindua matarajio hayo. Mnamo 1696 wakubwa wa Lithuania waliamua hati za serikali ziandikwe kwa Kipoland, na lugha iliyokuwa ya mahakimu ikarudi kuwa ya wakulima. Biblia ya Morgan haikuhitaji amri ya mkubwa yeyote. Ilisomwa kila Jumapili, parokia kwa parokia, kizazi hadi kizazi, na Mwelshi asiye na cheo chochote akawa na kitabu kinachosema naye kwa lugha yake.

Naanza na vitabu hivyo kwa sababu vinabeba swali linalotugusa sisi wa Kwale, kusini mwa Pwani ya Kenya, toka Waa na Diani hadi Chale, Gazi, Msambweni na Vanga. Lugha ndogo iliyo kando ya lugha kubwa hushikwa na nini hata isianguke? Jibu la haraka ni kwamba hushikwa na wingi wa watu, au na serikali. Kibelarusi kilipata vyote viwili na bado kinayumba. Kiwelshi kilikosa vyote viwili kwa karne nyingi na bado kimesimama. Nawalinganisha hao wawili kwa kuwa maradhi yao hayafanani: mmoja anamezwa na ndugu yake, mwingine alizuiwa mlangoni na mgeni. Kwale tunaugua yote mawili kwa pamoja.

Hesabu na kinachofichwa na hesabu

Katika sensa ya Belarus ya 2019, asilimia 54 ya wananchi walisema Kibelarusi ndiyo lugha yao ya mama. Walipoulizwa lugha wanayoisema nyumbani, waliokitaja Kibelarusi walikuwa asilimia 26. Mwaka 1999 majibu hayo yalikuwa asilimia 73.7 na 36.7. Nchi ina watu milioni tisa na ushei, kwa hivyo wanaoikubali lugha kwa moyo ni karibu milioni tano, na nusu yao hawaitumii mezani pao. Baba humwambia mtoto kwamba hii ndiyo lugha yetu, kisha humwita kula kwa Kirusi.

Wales, sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,000 wanaosema Kiwelshi, asilimia 17.8 ya wakazi wa miaka mitatu na zaidi. Mwaka 1911 walikuwa karibu 977,000. Ukitazama namba tupu utasema Wales ndiyo iliyoanguka vibaya. Tazama watoto, picha inageuka. Wales, takriban mtoto mmoja katika kila watano wa shule ya msingi anasomeshwa kwa Kiwelshi, na wengi wao wametoka nyumba zisizosema lugha hiyo. Belarus, ambako lugha imo katika katiba, wanaosomeshwa kwa Kibelarusi ni karibu mmoja katika kila kumi. UNESCO iliziweka lugha hizi katika daraja moja kwenye orodha yake ya lugha zilizo hatarini, lakini moja inasukuma mlango na nyingine inasukumwa nje.

Sisi hata namba za kubishania hatuna. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuta watu 866,820 Kwale. Iliwauliza kabila lao. Haikuwauliza wanamsemesha mtoto kwa lugha gani. Kwa hivyo tunajua Wadigo, wenyeji wa hapa, wapo, lakini hatujui Kidigo kipo kwa kiasi gani. Asiyejua kiasi cha maji yaliyoingia chomboni huchelewa kuanza kuyakumba. Belarus angalau waliuliza maswali mawili tofauti, na pengo kati ya majibu hayo ndilo linalotuonyesha ugonjwa ulipo.

Ukaribu unavyoua na umbali unavyoua

Neno moja dogo laonyesha tofauti ya hali hizi. Maji kwa Kibelarusi ni *vada*, kwa Kirusi *voda*. Kwa Kiwelshi ni *dŵr*, na Mwingereza asiyejifunza Kiwelshi hawezi kulikisia. Kwa Kidigo ni *madzi*, hatua moja tu kutoka *maji*.

Pale lugha mbili zinapotengana kama Kiwelshi na Kiingereza, hakuna anayevuka bila kujua. Mtoto ama anasema hii ama anasema ile. Ndiyo maana walioitaka Wales ya Kiingereza walilazimika kutumia nguvu za wazi. Taarifa ya serikali ya 1847 iliilaumu lugha ya Wawelshi kwa ujinga na hata kwa maadili mabovu. Katika baadhi ya shule za karne hiyo, mtoto aliyeteleza akasema Kiwelshi alivishwa kibao shingoni, akakipitisha kwa mwenzake atakayeteleza baada yake, na wa mwisho alichapwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika katika kitabu chake cha 1986, *Decolonising the Mind*, jinsi kifungo kilivyopita mkono kwa mkono shuleni kwao kuwanasa waliosema Kigikuyu. Na shule nyingi zetu, Pwani pamoja na bara, ziliwahi kumwadhibu mtoto kwa Kiswahili kama zilivyomwadhibu kwa lugha ya nyumbani. Nguvu ya namna hiyo inaumiza, lakini inaonekana, na kinachoonekana huwa na wa kukipinga.

Kibelarusi kimeliwa kwa njia nyingine. Kwa kuwa kinafanana na Kirusi, mtu huhama kidogokidogo, neno leo, kiambishi kesho, hadi anajikuta anasema mchanganyiko ambao Wabelarusi huuita *trasianka*, kwa jina la majani makavu na mabichi yanayochanganywa kulishia ng'ombe. Mabwana wa Moscow waliuharakisha mwendo huo. Mabadiliko ya sarufi na tahajia ya 1933 yaliisogeza lugha karibu zaidi na Kirusi, na mnamo Oktoba 1937 waandishi wengi wa Kibelarusi waliuawa kwa usiku mmoja mjini Minsk. Hata bila ukatili huo, dharau ya kila siku ilitosha: mwenye kusema Kibelarusi mjini alionekana anasema Kirusi kibovu, kwa hivyo aliyetaka heshima alijisahihisha mwenyewe.

Kujisahihisha huko ndiko ninakoogopa zaidi. Lugha inayofanana na lugha ya wakubwa hugeuzwa kuwa kosa la lugha hiyo, na watu hulitibu kosa bila kusukumwa na yeyote.

Ramani ya kwetu

Kidigo, ambacho wenyewe wanakiita Chidigo, ni mmoja wa watoto wa jamii ya Sabaki, pamoja na Kiswahili, Kipokomo, Kikomoro na ndugu zake wa Mijikenda. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walieleza undugu huo kwa kina katika kitabu chao cha 1993. Ni undugu wa damu, wala hauna aibu yoyote: lugha hizi zilitoka nyumba moja na zimeendelea kukopeshana. Kidigo chenyewe kina matawi yake, Chinondo cha ukanda wa Diani na Msambweni, Kiungu cha kusini kuelekea Tanga, na Kitsimba cha vilima vya Shimba.

Kando yake kuna lahaja za Kiswahili zilizo ndogo kuliko Kidigo. Kivumba kinasemwa Wasini, Vanga na Jimbo. Chifundi kinasemwa Funzi, Bodo, Munje na kijiji cha Shirazi. H. E. Lambert aliandika vijitabu juu ya lahaja hizo mnamo 1957 na 1958. Mwaka 1992 Nurse na Martin Walsh walizichunguza tena, wakaona lahaja zilizochukua mengi kwa majirani wa Kimijikenda bila kupotea, wakaiita hali hiyo kuhama nusu bila kifo.

Kuna pia habari ya Wasegeju. Walio Bwiti, upande wa Tanzania, wamebaki na Kidaiso, lugha iliyo karibu na Kikamba na Kigikuyu. Wasegeju wa ufukweni, wa Shimoni na jirani zake, waliiacha lugha ya mababu zamani na leo husema usemi ulio karibu sana na Kidigo. Wadegere, waliokuwa wawindaji, nao wamehamia usemi wa Kimijikenda. Mweleza habari mkweli hawezi kusema basi kwamba Kidigo ni mnyonge peke yake. Kidigo nacho kimemeza. Lugha zimekuwa zikipandana mwambao huu karne nyingi kabla ya shule na redio, na hakuna aliyeita mkutano wa kuomboleza.

Tofauti ya leo ni mwelekeo. Zamani mkondo ulikwenda huku na huku: Mvumba alioa kwa Wadigo, Mdigo alikwenda kusoma kwa shekhe wa Vanga, na lugha zikarithishana. Leo mkondo ni mmoja tu, kutoka kijijini kwenda Kiswahili sanifu, na kutoka hapo kwenda Kiingereza.

Unausikia mkondo huo ukisimama bandarini Gazi mashua zinaporudi, ghuba ikiwa imekingwa na Chale. Mvuvi mzee akieleza kwa nini malema yametoka matupu atasema *madzi*, kama alivyosikia kwa baba yake: madzi yalikuwa mazito, madzi yamegeuka mapema. Kijana aliyekuwa naye chomboni anakisimulia kisa hicho hicho kwa Kidigo, vitenzi vya Kidigo, mpangilio wa Kidigo, lakini kinywani mwake yametoka *maji*. Mama karanga, wakaangaji wa samaki, waliokaa na ndoo zao hawageuzi shingo. Wameelewa wote wawili. Tajiri wa samaki akifika, bei inakatwa kwa Kiswahili, na hapo hata mzee anasema *maji*. Hakuna aliyemkataza mtu. Hakuna kibao shingoni. Kesho yake kijana atarudi nyumbani na mwanawe atasikia *maji* peke yake, naye ataamini hilo ndilo neno la Kidigo. Huko ndiko kumezwa na ndugu, na ndiko Belarus ilikopita.

Mvuvi wa Funzi anapata msiba wa pili. Mwanawe akiandika *chitu* katika daftari la Kiswahili, mwalimu atapiga kalamu nyekundu, ingawa mtoto ameandika Kiswahili cha babu zake. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930, lahaja zote za mwambao zimepimwa kwa mizani ya Unguja. Usanifishaji huo ulitupa lugha ya vitabu kutoka Mombasa hadi Kalemie, na mimi naandika makala haya kwa tunda lake. Lakini Mchifundi hakuambiwa kwamba lahaja yake ni ndugu wa sanifu. Aliambiwa ni makosa.

Mji unaamua

Wataalamu wa historia ya Wales wameona jambo ambalo wengi hatulitarajii: viwanda havikukiua Kiwelshi upesi kama vilivyoziua lugha nyingine za namna yake. Mkulima wa Wales aliyeshindwa na shamba hakulazimika kuvuka bahari. Alikwenda machimbo ya mawe ya kuezekea ya Bethesda na Blaenau Ffestiniog, au mabonde ya makaa ya kusini, akakuta wenzake, kanisa la wenzake na gazeti la wenzake. Kwa muda mrefu mji ulisema lugha ya kijiji. Kiingereza kilishinda kusini baadaye, pale wageni walipozidi na biashara ikabadilika, lakini lugha ilikuwa imeshapata karne nzima ya maisha ya mjini, na kumbukumbu hiyo haikufutika.

Minsk ilikuwa kinyume chake. Vita vya Pili vya Dunia viliuacha mji magofu. Ulipojengwa upya, viwanda vyake viliwaita wanakijiji kwa maelfu, na lugha ya kiwandani, ya ofisi ya chama na ya chuo kikuu ilikuwa Kirusi. Mwanakijiji alishuka kwenye garimoshi na Kibelarusi chake, na mwaka wa pili alikuwa amekwisha jifunza kukificha.

Ukunda ni Minsk yetu ndogo. Tangu hoteli za Diani zilipoanza kuota ufukweni, mji huo umekusanya watu wa Kenya nzima, na ni haki yao kuja kutafuta riziki. Lugha ya mapokezi ni Kiingereza, na Kijerumani au Kiitaliano kwa anayekiweza. Lugha ya jikoni, ya stendi na ya bodaboda ni Kiswahili. Kidigo kinasikika sokoni kwa akina mama wa mboga na majumbani nyuma ya barabara, lakini hakuna kazi ya mshahara inayokidai. Kijana wa Kinondo anayekwenda kuomba kazi hoteli anajua vizuri lugha zipi zinaandikwa katika barua ya maombi.

Kisiwa cha Chale kinabeba jambo hilo zima. Upande mmoja kuna hoteli ya watalii. Upande mwingine kuna msitu wa kaya, ambako wazee wa Kidigo wana mambo yao ya ibada na mila. Upande wa hoteli una lugha za dunia. Upande wa kaya unataka Kidigo, kwa kuwa mambo ya pale hayana maneno mengine. Mnamo 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa za Mijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo hapa Diani, katika Urithi wa Dunia. Ulinzi huo unashika miti na mipaka ya msitu. Maneno wanayosema wazee ndani yake hayana mpaka wowote wa kuyalinda, na kila mzee anapozikwa yanapungua naye.

Nani anaibeba lugha

Turudi kwa Biblia ya Morgan, maana kuna tahadhari ndani yake. Katika karne ya 18 kasisi Griffith Jones alianzisha shule za kuhamahama: mwalimu anakaa kijijini miezi michache, anafundisha wakubwa na wadogo kusoma Biblia kwa Kiwelshi, kisha anahamia kijiji kingine. Shule za Jumapili zikafuata. Kwa hivyo Wawelshi wengi walijua kusoma lugha yao kabla shule ya serikali haijafika kuwaambia kuwa haina faida.

Kidigo kina kitabu cha aina hiyo: Agano Jipya lilitoka 2007, kazi ya miaka mingi ya watafsiri. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, *Mgombato*, ilitoka 2004, na Steve Nicolle akatoa sarufi nzima mwaka 2013. Hizo ni kazi za kuheshimiwa, na anayetaka kujua namna ya kuandika *ph*, *ts* na *dz* za Kidigo ana pa kuanzia. Lakini Wadigo wengi sana ni Waislamu tangu babu zao. Taasisi inayowakusanya kila Ijumaa na kuwakalisha watoto wao kila jioni ni msikiti na madrasa, na huko lugha ni Kiarabu cha Kurani na Kiswahili cha mawaidha. Biblia haiwezi kufanya Kwale kazi iliyoifanya Wales. Tukitafuta mbebaji wa Kidigo tumtafute pale watu walipo.

Na mahali hapo tayari papo. Ustadhi anayeona watoto hawajaelewa somo la twahara hugeuka akalieleza kwa Kidigo, na linaelea. Wimbo wa ngoma ya sengenya hauimbwi kwa Kiswahili sanifu. Shauri la mirathi, hasa palipobaki desturi ya upande wa mama, husemwa kwa maneno ya Kidigo kwa kuwa jamaa wanapimana nayo. Katika zahanati ya kijijini, bibi anayeeleza maumivu yake kwa muuguzi aliyetoka mbali humtafuta mjukuu wa kumtafsiria. Lugha hii ina kazi. Inakosa tu kutambuliwa kwamba inafanya kazi.

Sheria bila shule, na shule bila sheria

Januari 1990 Belarus ilikifanya Kibelarusi lugha pekee ya serikali. Kwa miaka michache shule zilifuata, na watoto wengi wa darasa la kwanza walianza kusoma kwa Kibelarusi. Mei 1995 kura ya maoni ikakipa Kirusi hadhi sawa, na pale mbele ya lugha mbili zilizo sawa kwa karatasi, wazazi na maofisa walikimbilia ile yenye nguvu. Mwaka 2003 serikali ilifunga shule ya sekondari ya Minsk iliyosifika kwa kufundisha kwa Kibelarusi. Mwaka 2021 mahakama ikaivunja jumuiya ya lugha ya Kibelarusi iliyoundwa 1989 kwa jina la Francysk Skaryna, mchapishaji wao wa 1517. Dola inayoitwa kwa jina la lugha imekuwa mwangalizi wa kupungua kwa lugha hiyo.

Wales ilipita njia ya chini. Mwaka 1939 mjini Aberystwyth ilifunguliwa shule ya msingi ya kwanza kusomesha kwa Kiwelshi, ikiwa na watoto saba. Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alisema redioni kwamba lugha itakufa isipopiganiwa, na mwaka huo huo vijana wakaunda chama chao cha lugha, wakaanza kukataa hati za mahakama zisizo za Kiwelshi. Mwaka 1971 ukaundwa mtandao wa shule za chekechea za Kiwelshi, Mudiad Meithrin. Kituo cha televisheni cha S4C kilianza 1982, baada ya mwanasiasa Gwynfor Evans kutishia kufunga kula hadi kufa. Sheria za 1967, 1993 na 2011 zilikuja kutambua kile ambacho wazazi, walimu na vijana walikuwa wameshakianza. Wales haikuwa na bunge lake hadi 1999. Watoto saba wa Aberystwyth walilitangulia kwa miaka sitini.

Kenya inayo sheria nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza na kulinda lugha za Kenya na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake miaka ya kwanza ya shule, na mtaala wa umilisi umelirudia jambo hilo hadi gredi ya tatu. Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, Wadigo wa Mkinga na Tanga hawana hata sera ya namna hiyo, kwa kuwa Tanzania ilijenga umoja wake juu ya Kiswahili peke yake. Lakini ukiingia madarasa mengi ya Msambweni leo, sera yetu huisikii. Vitabu ni haba, mitihani haiiulizi lugha hiyo, na mwalimu huenda amepangiwa kituo kutoka kaunti ambako Kidigo hakijawahi kusikika. Tunayo karatasi ya Belarus bila chekechea za Wales.

Kilicho mikononi mwetu

Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Si Nairobi inayoajiri walimu wa chekechea za Kwale, ni Kwale. Tangu ugatuzi uanze 2013, kaunti imejenga madarasa ya watoto wadogo vijijini na kuajiri walimu wake. Kwa hivyo umri ule ule ambao Wales iliuchagua mwaka 1971 kuwa mwanzo wa kuinuka kwake, sheria imeuweka chini ya watu tunaowapigia kura wenyewe. Katika mengi kuhusu lugha tuna haki ya kuilaumu Nairobi. Katika hili hatuna.

Pingamizi la kwanza nalijua, maana ni la wazazi wenyewe: mtoto akisemeshwa Kidigo chekechea atachelewa Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa Kinondo hawezi kukosa Kiswahili hata ajaribu. Kimemzunguka, kiko redioni, sokoni, madrasani, na ni ndugu wa lugha aliyozaliwa nayo. Anayejua *madzi* atajua *maji* kwa wiki moja. Anayejua *maji* peke yake hatarudishiwa *madzi* na mtu.

Pingamizi la pili ni kwamba watu wa Ukunda wamechanganyika: kuna Wakamba, Waluo, na Wamakonde waliotambuliwa kuwa raia mwaka 2016 baada ya miaka ya kuhangaika. Ni kweli, na hakuna anayefaa kulazimishwa. Ukunda mjini, Kiswahili ndiyo lugha ya haki kwa wote. Lakini Kinondo vijijini, Mwabungo, Gazi, Kikoneni na Dzombo si Ukunda. Wales haikusubiri Cardiff ikubali ndipo Aberystwyth ianze. Mwishowe hata Cardiff ilijaa shule za Kiwelshi zilizoombwa na wazazi wasiokijua.

Pingamizi la tatu ni la wasomi, na Belarus inatuonya juu yake. Wabelarusi wamebishana kwa miongo mingi kuhusu tahajia ya 1918 na ile ya 1933, ipi safi, ipi ya kisaliti, huku watoto wakihamia Kirusi. Tukianza kuuliza Kidigo gani kiandikwe, cha Chinondo au cha Kiungu, au tuandike Kimijikenda kimoja cha makabila tisa, tutatumia miaka kumi ambayo hatuna. Tahajia ya *Mgombato* ipo. Itumike, irekebishwe ikitumika. Wala tusimfukuze kijana wa Gazi kwa sababu Kidigo chake kina Kiswahili ndani yake. Anayechekwa kwa kuchanganya huacha kusema kabisa.

Kwa ulinganisho wote huu najifunza jambo moja. Lugha iliyo mbali na jirani yake huokolewa kwa kufunguliwa milango: mahakama, shule, televisheni. Lugha iliyo karibu na jirani yake, milango hiyo haiitoshi, kwa kuwa watu wake hupita mlangoni bila kujua wamevuka. Hiyo hutaka pahala pake pasipokuwa pa mwingine, pahala ambapo mtoto anaisikia kwa mtu mzima anayeheshimiwa na anajua hii si Kiswahili kilichokosewa. Kibelarusi kilikosa pahala hapo mjini. Kidigo bado kinacho: nyumba za bibi, kaya, ngoma, mirathi, bandari.

Kazi zilizo mbele zina wenyewe. Kaunti ianze na chekechea za wadi ya Kinondo, iajiri walimu wanaokisema Kidigo nyumbani, na iwape vitabu vya picha na ngano zilizoandikwa kwa tahajia iliyopo. Funzi na Wasini, mwalimu awasemeshe watoto Chifundi na Kivumba bila kalamu nyekundu. Masheikh waendelee na darsa za Kidigo wanazozitoa kwa dharura, sasa wazitoe kwa makusudi. Sensa ijayo iulize lugha ya nyumbani, na wabunge wetu waidai kabla madodoso hayajachapishwa. Wazazi tuna sehemu isiyoweza kugatuliwa kwa yeyote: kumwita mtoto kula kwa Kidigo, leo na kesho, hata kama atajibu kwa Kiswahili.